Marcelina Wanzagi na Bakuli la Nane

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Marcelina Wanzagi, Mkuu wa Kitengo cha Uendelevu, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Pamba na Mafuta Tumba Jeupe kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa msimu uleule mashine zetu za Bunda zilipounguruma kwa mara ya kwanza. Anaondoka zikiwa bado zinaunguruma, ingawa mafundi wananiambia baadhi yake zingestahili kustaafu kabla yake. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya staha. Nitajitahidi, ila aliyefanya kazi na Mama huyu anajua kwamba kwake staha na kicheko vilikaa meza moja.

Bi. Marcelina ni mzaliwa wa Butiama, mtoto wa nyumba ya wakulima na wafugaji. Alianza kwetu akiwa karani wa mizani, akizunguka kwenye vituo vya kununulia pamba wakati wa msimu. Enzi hizo wapo wakulima waliomwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili gunia lipande uzito. Makarani wengine walipiga gunia teke na kusikiliza, kama daktari asiye na kipimo. Marcelina alikunja mkono wa blauzi na kutumbukiza mkono wake ndani ya gunia mpaka begani. Mkono ulirudi na kokoto, ulirudi na vipande vya tofali, na siku moja ulirudi na yai. Kuku wa mwenye gunia alikuwa ametaga ndani ya pamba iliyohifadhiwa chumbani. Marcelina alimkabidhi mzee yule yai lake mbele ya foleni nzima na kumwomba amfikishie kuku samahani za kampuni.

Kuanzia siku ile akaitwa Mama Mkono, na jina hilo limesafiri kuliko gari lolote la kampuni. Mimi ni mtu wa Usafirishaji, nimeendesha magari hayo, najua ninachosema. Nimefika vijiji ambavyo jina la Meneja Mkuu halijulikani, lakini watoto walinikimbilia wakiuliza kama nimekuja na Mama Mkono.

Kutoka kwenye mizani alipanda akawa msimamizi wa vituo vya ununuzi, kisha afisa wa ushirikiano na wakulima. Katikati ya yote hayo alisoma stashahada ya maendeleo ya jamii, akalea watoto wake wanne pale Nyasura, mjini Bunda, na akaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia kwa moyo wote. Kuhusu sauti yenyewe, nimeahidi kuandika kwa staha. Mwaka 2019 kampuni ilianzisha Kitengo cha Uendelevu na kumkabidhi yeye. Hakuna aliyejua kitengo hicho kinafanya nini. Fundi mmoja wa karakana aliulizia kama ndicho kitakachoendeleza posho za safari.

Jibu lilikuja mwaka 2021. Mnunuzi wetu mkubwa wa nje, pamoja na benki, walitaka kampuni itoe taarifa ya uendelevu: tunawatendeaje watu, ardhi, maji na hewa. Sasa, kampuni haiwezi kuandika kila kitu. Lazima kwanza ifanye tathmini na kuchagua masuala yenye uzito, yaani yale yanayowagusa watu na mazingira kwa nguvu, na yale yanayoweza kuitikisa kampuni yenyewe. Suala likiingia juu kwenye taarifa hupewa fedha na mtu wa kulisimamia. Likikosa nafasi, linabaki mazungumzo ya kijiweni. Kwa hiyo swali la nani anachagua, na anachaguaje, lilikuwa zito kuliko taarifa yenyewe.

Dennis, afisa mwenzake kijana kutoka ofisi ya Musoma, aliandaa dodoso zuri. Mtu anasomewa suala, anatoa alama kuanzia moja hadi tano. Tulikwenda nalo kwenye mikutano ya mwanzo, tukawanunulia watu soda, tukauliza. Kila mtu alitoa tano. Moshi wa kiwanda, tano. Taa za kuokoa umeme, tano. Dennis alirudi akiwa amechanganyikiwa, akidhani amekosea hesabu. Mama Mkono alicheka mpaka akavua miwani. Alimweleza kwamba kwetu mgeni aliyetoka mbali, akakununulia na soda, huwezi kumwambia usoni kwamba jambo lake ni dogo. Unampa tano, unamsindikiza barabarani, halafu unaendelea na yako.

Hapo ndipo alipobuni mabakuli. Alinunua mabakuli saba ya plastiki sokoni Bunda na kuweka ndani ya kila moja kitu cha kulitambulisha suala: kipande cha mkaa kwa moshi, kizibo cha chupa ya sumu kwa dawa za wadudu, daftari la shule kwa watoto wanaochumishwa pamba, glovu kwa usalama wa wafanyakazi, na kadhalika. Kila mshiriki alipewa mbegu za pamba za kujaa kiganja kimoja, azigawe kwenye mabakuli kadiri anavyoona. Ukimpa huyu nyingi, yule anapata chache. Adabu ya kumpa kila mgeni tano ikakosa pa kukaa.

Zoezi lilienda vizuri. Wafanyakazi wa kiwandani walijaza bakuli la vumbi, na ndiyo maana leo tunavaa barakoa zinazoziba kweli. Butiama walijaza bakuli la sumu. Kisha, mwezi wa kumi, tukaenda kijiji cha Bugwema, na hapo likatokea kosa lililobadilisha kampuni hii.

Mbegu tulizozitumia kwingine zilikuwa za kukamulia mafuta, chafu, zenye manyoya, na zilikuwa zimeisha. Mama Mkono akachukua alichokiona karibu: gunia la mbegu teule kutoka shamba letu la mfano, zimeondolewa manyoya, zimepimwa, nyeusi na zinang'aa. Aliligawa gunia hilo Bugwema bila kuwaza lolote. Watu walipokea viganja vyao kwa utulivu, wakapita mbele ya mabakuli mmoja mmoja kama wanatoa sadaka, wakarudi kuketi. Tulipotazama ndani, mabakuli yalikuwa karibu matupu. Watu wengi namna ile, na mbegu zisingejaza hata kikombe!

Dennis alisema zoezi limeharibika, turudi siku nyingine na kokoto. Mimi nilishaanza kuwaza chakula cha mchana. Mama Mkono alisimama tu pale, mikono kiunoni, akaangalia watu, na watu wakaangalia chini. Akawauliza kwa upole mbegu zake zimekwenda wapi.

Aliyejibu ni Mbuke, mama mkulima aliyekuwa ameketi safu ya nyuma. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, na mbegu zilikuwamo zote. "Mama, sisi tulikuwaga tunapanda mara mbili, mara tatu," alisema. "Mbegu yenu ya kupanda inaozeaga chini. Hii nimeiuma, ina mafuta. Sasa niiache kwenye bakuli ifanye nini?"

 Halafu mafundo yakaanza kufunguliwa, na mifuko ya makoti, na kofia moja ya mzee. Karibu mkutano mzima ulikuwa umeficha mbegu. Kumbe walikuwa wameshapiga kura, ila suala lao halikuwa limepewa bakuli.

Marcelina hakukasirika. Aliomba kuazimwa bakuli kwenye nyumba ya jirani, akaenda shambani, akarudi na bonge la udongo mkavu usio na kitu, akaliweka ndani. Hilo likawa bakuli la nane. Aliwaambia kwamba anayeona mbegu isiyoota ndiyo inayomuumiza kuliko vingine, aziweke humo, na akishahesabu atawarudishia wakapande. Lilijaa mpaka likamwagika. Alihesabu, akatimiza ahadi, na tukaondoka Bugwema bila punje moja.

 Tulipofika Bunda aliniomba nisimame kwenye ghala la mbegu kabla ya ofisi. Aliingia na nguo zake za mkutano, akaenda kwenye rundo kubwa la mbegu zilizokuwa zikisubiri kusambazwa kwa wakulima, akakunja blauzi na kutumbukiza mkono mpaka begani. Alipoutoa ulikuwa umeiva kwa joto, kama ameutoa kwenye sufuria ya ugali. Bati la ghala lilikuwa limetoboka, marundo yalipangwa marefu kupita kiasi, na mbegu iliyopata unyevu ikirundikwa hivyo hupata moto ndani kwa ndani na kiini chake kinakufa. Kwa macho inaonekana nzima. Nilimsikia akisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, kwamba miaka yote ametia mkono kwenye magunia ya watu, na gunia letu wenyewe hakuwahi.  Mimi nilitazama pembeni, maana nilimwonea huruma.

Zilibaki wiki chache kabla ya kupanda. Magari yangu yalikuwa yameshapangiwa njia za kusambaza mbegu zilezile.

Meneja wetu Mkuu, Bwana Ephraim Kwangu, ni mtu mwema, na ametoa ruhusa yake haya yaandikwe. Alisikiliza, akaogopa. Mnunuzi akisoma ukurasa wa kwanza kwamba tunawapa wakulima mbegu mfu, si atakimbia? Alipendekeza suala liwekwe kurasa za mwisho, chini ya changamoto ndogondogo, na ghala lishughulikiwe bajeti ikiruhusu. Bi. Marcelina alimjibu kwa heshima zote kwamba kwa sura hiyo taarifa itahitaji sahihi ya mtu mwingine. Alijua anachokiweka rehani. Watu wamewahi kupoteza vyeo kwa maneno mepesi kuliko hayo, na yeye mtoto wake wa mwisho alikuwa bado chuoni.

Hakupiga kelele wala hakuandika malalamiko. Alirudi sokoni akanunua mabakuli zaidi. Asubuhi iliyofuata kila mkuu wa idara, ofisi ya Musoma na kiwanda cha Bunda, alikuta mezani bakuli la udongo uliopandwa mbegu kutoka ghala letu, na ombi fupi: tafadhali mwagilia kila siku, uje nalo kwenye kikao cha kupitisha taarifa. Bakuli moja alimpa Shida, mlinzi wa getini Musoma. Hilo peke yake alilipanda punje za mbegu teule zilizobaki kwenye shamba la mfano.

Ndugu wasomaji, hamjapata kuona ofisi ikilima vile. Mkuu wa Fedha alilihamishia bakuli lake dirishani lipate jua. Mkuu wa Utumishi alileta samadi kutoka nyumbani na ofisi nzima ikanuka zizi. Walichungulia mabakuli ya wenzao kwa siri, na kila aliyeona lake halioti alinyamaza, akidhani mkosaji ni yeye. Meneja Mkuu alilipa bakuli lake heshima zote. Shida yeye aliligusa alipokumbuka, kwa maji yaliyobaki kwenye chupa.

Siku ya kikao mimi ndiye niliyebeba mabakuli ya Bunda hadi Musoma, na kwa kuwa mlango wa chumba cha mikutano ulibaki wazi, nilibaki na mimi. Mabakuli yalipangwa mezani. Huku mche mmoja uliopinda, kule miwili, mengine udongo mtupu. Bwana Ephraim alitazama lake, akajitetea kabla hajaulizwa. "Mimi nilikuwa naimwagiliaga kila asubuhi," alisema. "Hata maua ya nyumbani sijawahi kuyamwagilia hivyo." Katibu wake, Pelagia, akainua mkono kinyonge na kukiri kwamba na yeye alikuwaga anaiongezea maji, alijua bosi amesahau. Chumba kizima kiliangua kicheko, na kwa muda kidogo ilionekana kama mbegu zimepata kisingizio cha kuzama.

Ndipo Shida akaitwa. Aliingia na bakuli lake akilikumbatia, na miche ilikuwa imesongamana, majani mawili mawili, ya kijani, inagombania nafasi. Kicheko kilikatika. Bi. Marcelina alisimama na kusema maneno machache: mtu mwenye bakuli moja ameona uchungu wa siku chache, na mkulima wa Bugwema ana ekari, ana jembe, ana mvua moja tu ya kupandia. Mkulima asipovuna, na sisi mashine zetu zitachambua nini? Suala hili linawaumiza wao na linatuumiza sisi; kama hili halina uzito, basi neno uzito lifutwe kwenye taarifa. Akakaa.

Bwana Ephraim alilisogeza kando bakuli lake tupu. Kisha akaagiza mambo mawili: rundo lote la ghalani liende kwenye mashine ya mafuta, na mbegu isiyoota iwe suala la kwanza kwenye taarifa, ukurasa wa kwanza, bila kupakwa sukari. Nilitoka mbio kufuta ratiba ya magari. Wiki hizo tulisomba mbegu mpya zilizopimwa, mchana kutwa, na sikumsikia dereva hata mmoja akilalamika. Msimu ule Bugwema walipanda mara moja, zikaota.

Taarifa ilitoka mwaka 2022. Tulijiandaa kwa msiba. Mnunuzi alituma watu wake wakaangalia ghala, bati jipya, marundo mafupi yanayogeuzwa, na meza ya kupimia uotaji. Walikula sato kando ya ziwa, wakaondoka. Barua yao ilipokuja ilikuwa ya kuongeza mkataba. Walieleza kwamba kampuni inayojisema vibaya yenyewe mwanzoni kabisa inaaminika kwa kurasa zilizobaki. Siku hiyo kiwandani Bunda honi ya zamu ilipigwa muda usio wake, na hadi leo hakuna aliyeulizwa nani aliipiga. Mimi namjua. Anastaafu mwezi huu.

Mabakuli sasa ni desturi ya kampuni. Kila mwaka kabla ya kusambaza mbegu, kila mkuu wa idara anamwagilia bakuli lake, na Meneja Mkuu amempiga marufuku Pelagia kulikaribia lake. Vijana wanaoingia kazini wanadhani tulikuwa hivi siku zote. Hiyo nayo ni sifa ya Mama Mkono.

Lakini ushindi wenyewe, kwa macho yangu, ulikuwa mwaka jana. Tathmini ilirudiwa, tukarudi Bugwema na mabakuli manane. Bi. Marcelina alichagua kwa makusudi gunia la mbegu teule kama zile, nyeusi, zinazong'aa. Dennis alitaka kujua kwa nini anajitafutia hasara, naye akamwambia asubiri. Watu walipokea viganja vyao, wakapita, wakaketi. Tulipotazama, mbegu zote zilikuwa kwenye mabakuli. Bakuli la nane lilikuwa na punje chache tu. La sumu ndilo lililofurika, na kazi hiyo tumeshaianza. Mbuke alikung'uta pindo la kitenge chake mbele ya kila mtu kuonyesha halina kitu, watu wakapiga makofi. Mama Mkono aliwashukuru, akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akalia. Na mimi nililia, nikasingizia vumbi la barabara.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Musoma, Bunda na vituo vyote vya ununuzi, nasema asante. Asante kwa barakoa, asante kwa ghala, asante kwa kutufundisha kwamba kabla ya kupima gunia la mtu tutie kwanza mkono kwenye letu. Tunaona fahari, tena fahari kubwa, kwamba ulikuwa wa kwetu. Mungu akupe afya, mvua za wakati, na wajukuu wasiokanyaga miche.

Tumesikia umeshasafisha shamba lako la Butiama na kwamba mwezi wa kumi na moja utapanga foleni kuchukua mbegu zetu kama mkulima mwingine. Karibu sana. Basi ujue na hili: Dennis, anayekalia kiti chako kuanzia Julai, ameshapanga kwamba tathmini ijayo itaanzia kijijini kwako. Tutakuja na mabakuli yetu, utaketi kwenye benchi na wenzako, utapewa kiganja kimoja cha mbegu. Hatutakuuliza kitu, na soda hatutanunua. Tutautazama tu ule mkono wako, Mama. Ukizimimina zote kwenye mabakuli, tutarudi Bunda tukipiga honi. Ukifunga hata punje moja kwenye kitenge, tutakwenda moja kwa moja ghalani na kukunja mashati.

Wenceslaus Werema
Idara ya Usafirishaji, Bunda